Mkaguzi wa Pili Ameingia Kazini

Sajini hakuwa na gari. Hakuwa na hati ya upekuzi, hakuwa na mkubwa wa kumkingia kifua kituoni, na goti lake la kulia halikuwa goti la mwanamke wa miaka arobaini na sita. Elimu ya kompyuta hakuwa nayo. Maelezo ya mashahidi aliyachapa kwa vidole viwili, na kimojawapo kilikuwa kikikosea. Lakini kilichomkosesha raha kuliko vyote hivyo ni muda. Saa ya ukutani katika chumba cha uchapaji cha Ofisi ya Ukaguzi wa Majengo ilionyesha saa saba na dakika ishirini mchana, na saa kumi kamili hospitali ingeanza kuwahamishia akina mama wa wodi ya wazazi kwenye jengo jipya. Akina mama thelathini na wanane, wengine na vichanga vya siku mbili.

Mezani mbele yake palikuwa na nakala mbili za ripoti ya ukaguzi wa jengo hilo. Namba ilikuwa moja, tarehe moja, kumi na mbili ya mwezi, na sahihi moja, ya Mkaguzi wa Pili. Asubuhi ya tarehe kumi na tatu Mkaguzi wa Pili aliokotwa chini ya shimo la lifti la jengo lilelile, shingo imevunjika. Kituoni waliandika "ajali", wakampa Sajini jalada alifunge. Hakulifunga, kwa sababu ya jambo dogo tu: marehemu alirudi jengoni kupiga picha zaidi, na kamera haikuonekana, si juu, si chini, si mwilini mwake.

Nakala ya kwanza aliichukua hospitalini asubuhi ile. Ilikuwa na picha sita za nguzo za ghorofa ya chini ya ardhi, nguzo nene, laini kama yai lililomenywa. Nakala ya pili alichapiwa hapahapa ofisini, haijapita robo saa. Mahali pa picha palikuwa na visanduku sita vitupu, kila kimoja na alama nyekundu ya X pembeni na mstari mmoja wa maandishi: picha iliyounganishwa haiwezi kuonyeshwa.

"Na maneno yako wapi, mama?" Sajini aliuliza.

Bi Chapa, mwandishi wa ofisi ile kwa miaka thelathini na mmoja, alivuta miwani puani. "Hayo hapo, mwanangu."

Sajini alisoma kwa sauti. "Nguzo ya kwanza, hali kama picha ya kwanza. Nguzo ya pili, hali kama picha ya pili. Ndiyo ripoti hii?"

"Ndiyo utaratibu wetu. Bwana Mkuu alitukataza maneno tangu kesi ya lile ghala lililoanguka. Alisema maneno yatatufikisha mahakamani, picha inajieleza yenyewe."

"Na picha isipokuwepo?"

"Ripoti inakuwa bubu." Bi Chapa aliinua simu. "Ngoja nikuitie Waya."

Waya alikuwa fundi wa kompyuta, kijana mrefu, mwembamba, mabega kama kiango cha nguo. Aliingia akitafuna. Sajini alimkaribisha kiti cha ndani, yeye akakaa upande wa mlango. Alikuwa na sababu. Mlinzi wa getini alikuwa amemwambia kwamba tarehe kumi na sita, siku moja baada ya mazishi, Waya alionekana akishuka ngazi na kompyuta ya marehemu kifuani.

Waya alitupia jicho kile kisanduku cha kwanza. "Huu si ugonjwa mkubwa, afande. Kiungo kimekatika."

"Nieleze kama unavyomweleza bibi yako."

"Bibi yangu ana simu mbili, afande. Wewe nitakueleza polepole zaidi."

"Waya! Adabu!" alisema Bi Chapa.

"Samahani. Sikiliza. Ripoti zetu zinajitengeneza zenyewe. Mkaguzi anaweka picha kwenye folda ya pamoja, anabonyeza kitufe, ile fomu tupu inajijaza: namba, tarehe, jina la jengo. Ila picha haziingii ndani ya waraka. Waraka unashika anwani tu. Kila ukiufungua unakimbia kwenye ile anwani, unachukua picha, unakuonyesha. Picha ikihamishwa, unagonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Ndipo unapewa kisanduku."

"Kila ukiufungua?"

"Kila mara. Leo, kesho, hata miaka kumi."

"Na mtu akitoa picha kwenye folda, akaweka nyingine kwa jina lilelile?"

Waya aliacha kutafuna. Feni ya darini ilisikika ikizunguka. "Utaona picha mpya," alisema taratibu. "Ndani ya waraka wa zamani. Na sahihi ya zamani chini yake."

Sajini alimsogezea nakala ya hospitali, akaweka kidole juu ya picha ya tatu. Juu ya nguzo palikuwa na taa, na taa ilikuwa inawaka.

"Leo asubuhi nilishuka kule chini. Fundi umeme wa hospitali ameandika kwa chaki ukutani, kando ya swichi, siku aliyounganisha umeme. Tarehe kumi na tisa. Marehemu alisaini tarehe kumi na mbili, akazikwa tarehe kumi na tano. Sasa niambie, Waya, maiti ilitoka kaburini ikapige picha ya taa?"

Uso wa kijana ulipauka. "Si mimi."

"Wewe ndiye mwenye funguo za folda zote."

"Si mimi, afande. Wallahi."

"Kompyuta ya marehemu uliipeleka wapi?"

Waya alimtazama Bi Chapa, Bi Chapa akatazama meza. Nje, kwenye korido, viatu vya mtu vilipita, na wote watatu wakangoja mpaka vikafifia.

"Niliambiwa niifute," alisema Waya kwa sauti ndogo. "Nifute kila kitu, niirudishe ikiwa tupu. Iko stoo, chini ya mapazia mabovu. Sijaifuta."

"Uliogopa?"

"Kusema kweli, afande, ni uvivu."

Sajini hakucheka, ila mkono wake uliachia ukingo wa meza. "Folda ya zile picha ilihamishwa lini?"

Waya aliigeukia kompyuta ya Bi Chapa, vidole vikakimbia. "Jana. Saa nane na dakika kumi mchana."

"Saa nane kamili jana nilipiga simu hapa, nikasema leo nitakuja kuchukua ripoti ya wodi. Aliyepokea alisema karibu sana. Tazama. Aliyebadilisha picha alijua kwamba waraka huvuta picha kutoka kwenye folda. Aliyehamisha folda hakujua kwamba huzivuta kila siku. Alidhani umekwishazimeza, kama karatasi inavyomeza wino, basi akaficha folda ili nisiione. Alipika, kisha akaondoa kuni kabla chungu hakijaiva. Huyo ni mtu anayejua nusu. Wewe unajua yote. Ungeihamisha?"

"Ningekuwa na wazimu."

"Basi nani hapa anajua nusu?"

Bi Chapa alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa, akaivua tena.

"Mama," alisema Sajini.

"Siku ya pili baada ya mazishi," Bi Chapa alinong'ona, "alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Miaka yote niliyofanya kazi naye hajawahi kusimama pale. Akaniuliza, picha huingiaje? Nikamwonyesha. Akanigusa bega, akasema, kumbe rahisi."

"Nani?"

Alielekeza kidevu upande wa mwisho wa korido, kwenye mlango wenye kibao cha shaba. "Bwana Mkuu."

Saa ilionyesha saa nane kasoro dakika tano.

Sajini alijua vizuri alichokipata na alichokikosa. Taa ingemweka mtu kwenye maswali. Isingemzuia Mganga Mkuu wa hospitali kuhamisha wagonjwa mchana ule; kwake yeye, ripoti aliyonayo ilisema nguzo ni nzima. Zilihitajika picha za kweli, zile za mtu aliyekufa, na zilihitajika kabla ya saa kumi.

"Zile picha sita," alisema, "marehemu alizitumia kwenye waraka mwingine wowote?"

"Naweza kutafuta anwani badala ya jina," alisema Waya. Aliandika, akangoja. Halafu mstari mmoja ukajitokeza kwenye skrini. "Upo mmoja. Barua. Imetengenezwa tarehe kumi na mbili, saa kumi na dakika arobaini jioni. Haijawahi kuchapwa."

Aliifungua. Iliandikwa kwa Mganga Mkuu wa Hospitali, na safari hii marehemu alikuwa amekiuka amri na kutumia maneno. Nguzo nne kati ya sita zimepasuka hadi kwenye nondo. Watu wasiingizwe. Tazama picha. Na chini ya maneno hayo, visanduku sita, vyote vitupu, kila kimoja na alama yake nyekundu.

"Hizi nazo zimefutwa," alisema Bi Chapa.

"Subiri." Waya alibonyeza vitufe viwili pamoja, na kila kisanduku kikageuka kuwa mstari wa anwani. Aliinamia skrini. "Hii si folda ya pamoja. Alikuwa na haraka, hakusubiri kunakili. Ameziunganisha moja kwa moja na kompyuta ya mezani kwake. Afande, hizi hazijafutwa. Zimekatika kwa sababu kompyuta yake imezimwa."

"Ukiiwasha?"

"Mlango una mtu tena."

Alitoka. Akarudi baada ya dakika sita zilizokuwa ndefu kama mwezi mchanga kwa mwenye njaa ya mshahara, kompyuta kifuani, buibui limemng'ang'ania sikioni. Waliiweka sakafuni nyuma ya kabati ili asiyetaka kuinama asiione. Waya alichomeka kebo ya mtandao, akachomeka waya wa umeme kwenye soketi ya ukutani, kisha kidole chake kikasimama juu ya kitufe.

"Afande, kuna jambo. Mfumo wetu hutangaza kila mtu anapoingia. Kwenye kila skrini ya ofisi. Siwezi kuuzuia, labda nizime ofisi nzima."

"Na skrini yake?"

"Kila skrini."

"Kutoka mlango wake mpaka hapa ni hatua ngapi?"

"Arobaini," alijibu Bi Chapa. "Nimezihesabu mara nyingi nikipeleka barua."

Waya hakubonyeza. Sajini alichuchumaa kando yake, goti likalia. "Una mtu pale hospitalini?"

"Dada yangu," alisema Waya. "Kitanda cha nne. Mapacha." Akabonyeza.

Feni ya mashine ilikohoa vumbi. Taa moja ya kijani, kisha ya pili. Waya aliandika neno lake la siri la kifundi, lile linalofungua akaunti ya yeyote. Mara, kwenye pembe ya skrini ya Bi Chapa, kibandiko cha buluu kikapanda taratibu: *Mkaguzi wa Pili ameingia kazini. Mchana mwema.*

Kutoka chumba cha jirani mwanamke alipiga yowe. Kitu kikaanguka, kikombe pengine. Mwingine akasema, "Jamani! Jamani, mmeona?" Vicheko vya woga vikafuata, halafu vikazimika ghafla, kama vicheko vinavyozimika mlango wa mkubwa unapofunguliwa.

"Haraka," alisema Sajini.

Waya aliiambia barua ivute upya. Kisanduku cha kwanza kilitetemeka, kikawa cheusi, kikajaa. Bi Chapa alishika mdomo. Ilikuwa nguzo ileile ya picha laini, kabla ya kupakwa lipu, lakini hapa hapakuwa na taa, ni mwanga mkali wa kamera tu, na ufa ulioanzia sakafuni ukapanda kama mzizi, mpana kiasi cha kuingiza kiganja; humo ndani nondo zilionekana, zimepinda. Kando yake marehemu alikuwa amesimamisha rula. Kisanduku cha pili kikajaa. Cha tatu.

Hatua zilianza kusikika kwenye korido. Hazikuwa na haraka.

"Mtandao ni mzito," alisema Waya. Jasho lilimdondoka kwenye kibao cha herufi. "Cha nne. Cha nne kimeingia."

"Akiichomoa ile mashine?"

"Vyote vinarudi kuwa visanduku. Mpaka nikate viungo na kuzifungia picha ndani."

"Zifungie."

"Zikishaingia zote."

Sajini aliifuata kwa sikio sauti ya viatu. Vilisimama. Mtu alisalimiana na mtu, akauliza habari za nyumbani, akasikiliza jibu mpaka mwisho. Viatu vikaanza tena. Cha tano kikajaa.

Mlango ulifunguliwa.

Mhandisi Mkuu, yule Bwana Mkuu wa Bi Chapa, alikuwa mtu wa makamo, suti ya kijivu, mvi zimechanwa vizuri, na sauti laini ya kumbembeleza mtoto alale. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaitazama kebo iliyopita sakafuni kwenda nyuma ya kabati.

"Hamjambo? Nimeona ajabu kwenye skrini yangu. Nimeambiwa marehemu amerudi."

"Hatujambo, Mzee," alisema Bi Chapa.

"Binti yangu, wewe ndiye Sajini. Tuliongea jana." Alimpa mkono. Mkono ulikuwa wa baridi na mkavu. "Kituo chako kinajua uko hapa? Nimempigia mkubwa wako sasa hivi. Anasema jalada limefungwa tangu juzi."

"Atakuwa amesahau kuniambia."

"Watu wazima husahau. Hata kule chini kwenye jengo, mtu husahau kutazama anapokanyaga. Wewe ulishuka leo asubuhi, nimesikia. Peke yako. Na goti lako hilo." Alitikisa kichwa kwa huruma. "Pale shimoni hapajazibwa bado. Usirudi peke yako."

Sajini hakuwa amemwambia mtu yeyote kuhusu goti. "Ahsante kwa kunijali, Mzee."

"Bi Chapa, umebakiza miezi mingapi ustaafu?"

"Saba."

"Saba. Usiichezee." Alizunguka kabati, akainama bila shida yoyote, akashika waya wa umeme. "Kompyuta hii ni mali ya stoo. Waya, nilikupa kazi, hukuifanya."

Waya hakugeuka. Kidole chake kiligonga mara moja, kisha mara ya pili. Mhandisi Mkuu akachomoa.

Taa za kijani zilizimika. Feni ikazunguka mizunguko ya mwisho, ikatulia. Mhandisi Mkuu alijifuta vidole kwa leso, akaja taratibu mpaka nyuma ya kiti cha Bi Chapa, ili atazame visanduku.

Kwenye skrini nguzo sita zilikuwa zimesimama na nyufa zake zote. Hakuna hata moja iliyotoweka.

Alingoja. Aliendelea kungoja, kama mtu aliyezima taa na chumba kikakataa kuwa giza.

"Viungo nimevikata, Mzee," alisema Waya. "Picha hazitoki nje tena. Zimo ndani."

"Chapa," alisema Sajini.

Printa iliamka. Karatasi ya kwanza ikatoka ikiwa na joto, ya pili, ya tatu. Mhandisi Mkuu alinyoosha mkono kuzichukua, na Sajini akasimama katikati, karibu kabisa, mpaka akasikia harufu ya sabuni yake.

"Kaa, Mzee. Sina ruhusa ya kukukamata. Lakini nina ruhusa ya kukuuliza, mbele ya mashahidi wawili, kwa nini picha za tarehe kumi na mbili zina kitu cha tarehe kumi na tisa."

"Tarehe kumi na tisa kulikuwa na nini?"

"Umeme."

Hapo tu ndipo macho yake yalipokimbia. Yalikwenda dirishani, yakarudi. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akakunja leso mara nne.

"Barua hii haina nguvu," alisema kwa upole uleule. "Haijasainiwa. Aliyeiandika amekufa, na mimi siisaini."

Ilikuwa kweli. Chini ya jina la Mkaguzi wa Pili palikuwa peupe. Sajini alitazama saa: nane na dakika thelathini na mbili. Barua isiyo na sahihi hospitali ingeiweka kwenye trei, na trei ingesomwa kesho.

Kiti kilikwaruza sakafu. Bi Chapa alikuwa amesimama. Alichukua kalamu, akapiga mstari pembeni mwa jina la marehemu, akaandika kwa mwandiko wake wa shule, mnene, wa kuegemea kulia: kwa niaba ya. Kisha akasaini jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, na chini yake akaandika cheo.

"Bi Chapa," alisema Mhandisi Mkuu. "Miezi saba."

"Nimesikia, Mzee. Mara ya kwanza nilisikia pia."

Aligonga muhuri wa ofisi, akaupuliza wino. Alizikunja karatasi mara tatu, akazitia kwenye bahasha kubwa ya kaki, akaandika juu *Haraka. Ifunguliwe na Mganga Mkuu mwenyewe.* Aliilamba gundi, akaibana kwa kiganja, akapitisha kidole gumba ukingoni mara mbili mpaka hapakuwa na mahali penye mdomo. Sajini hakumwondolea jicho yule aliyekaa.

"Tarishi yuko nje?" Sajini aliuliza.

"Yuko kwenye baiskeli yake, anakula," alijibu Waya kutoka dirishani.

Bi Chapa alifungua kitabu cha kupeleka barua, akaandika namba, saa, na mahali pa kusaini mpokeaji. Kisha akakibeba kitabu na bahasha, akapita mbele ya mkubwa wake bila kumwomba njia, akatoka. Walimsikia akienda kwenye korido, hatua zake fupi. Dirishani, chini uani, Waya alimwona akimkabidhi tarishi, akimshika bega, akimwambia jambo. Tarishi alifunga chakula chake, akatia bahasha ndani ya shati juu ya ngozi, akapanda baiskeli, akatoka getini akikanyaga kwa nguvu.